Maziwa Hayafiki Mapafuni

Wajukuu zangu mnaoshuka shimoni Mirerani, na nyinyi mnaosubiri mavuno yaishe ndipo mfunge safari, naomba mnisikilize kidogo. Sikuja kuwazuia. Najua shamba la mahindi linavyokuwa Simanjiro mvua zikigoma, najua ada ya wadogo zenu inavyodaiwa, na tangu tanzanaiti ionekane kwenye vilima vile mwaka 1967 sijasikia bibi aliyemrudisha mjukuu wake nyumbani kwa maneno matupu. Mimi nilikuwa nesi katika zahanati za ukanda huu mpaka nikastaafu. Wengine waliwapokea wachimbaji wakati wana mawe mfukoni. Mimi niliwapokea wakati wana kikohozi. Kwa hiyo nitawaeleza kifua kilivyoumbwa, kinavyojilinda, na mahali ulinzi wake unapokomea. Kushuka au kutoshuka mtaamua wenyewe.

Nianze na maziwa, maana ndiyo kinga ninayoisikia kila siku. "Bibi, mimi kila jioni nagonga nusu lita, yanaosha vumbi lote." Na matajiri wenye mashimo nao wameshika hapohapo: kijana akilalamika vumbi, analetewa pakiti ya maziwa, anaonekana ametunzwa.

Hebu shika koo lako. Chini ya kile kinundu kinachopanda na kushuka ukimeza, papasa polepole, utakuta mrija mgumu wenye pete pete. Hiyo ni trakea, njia ya hewa. Pete zake ni za gegedu, kati ya 16 na 20, na hazikufunga duara; nyuma ziko wazi, na hapo nyuma unapita umio, njia ya chakula. Njia hizo mbili zimepakana ukuta kwa ukuta lakini haziendi mahali pamoja. Mlangoni pa njia ya hewa kuna kidakatonge. Kila unapomeza, koo linapanda, kidakatonge kinainama, mlango unafungwa, na kilichomo mdomoni kinashuka kwenye umio mpaka tumboni. Tone moja likikosea njia mnajua kinachotokea: unapaliwa, unakohoa mpaka machozi yanakutoka. Sasa kama tone moja la maji linaleta vurugu ile, nusu lita ya maziwa ingefikaje mapafuni nawe umekaa kwenye benchi unacheka na wenzako? Ingefika, ungekufa maji ukiwa nchi kavu. Maziwa ni chakula, yanyweni, yanajenga mwili. Kifuani hayaendi, na wala tangawizi haiendi, wala konyagi.

Kinachofika mapafuni ni hewa, pamoja na chochote kilichopanda ndani ya hewa hiyo.

Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi kama 15 kwa dakika, kila pumzi kama nusu lita. Pigeni hesabu: kwa siku ni pumzi zaidi ya 20,000, na hewa inayozidi lita 10,000. Hakuna kitu kingine mnachokiingiza mwilini kwa kiasi hicho. Na huyo ni mtu aliyekaa kivulini. Ukiwa unachoronga mwamba au unapandisha viroba, mwili unadai hewa mara sita au saba ya hiyo. Pua haitoshi tena, unafungua mdomo. Hapo umeshapoteza kinga ya kwanza, kwa kuwa pua ina kazi ambazo mdomo hauziwezi: vinyweleo vyake vinazuia takataka, kuta zake zenye ute zinanasa vumbi, na vishipa vya damu vilivyojaa humo vinaipasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijashuka.

Mapafu yenyewe hayana msuli wa kuvutia hewa. Kazi hiyo ni ya kiwambo, msuli mpana uliotandwa chini ya mbavu, unaotenga kifua na tumbo. Kiwambo kikijikaza kinashuka, mbavu zinainuka, kifua kinapanuka, na kwa vile nafasi imeongezeka ndani, hewa ya nje inaingia. Kiwambo kikilegea, mapafu yanajirudi yenyewe na kuitoa ile hewa. Ukiwa umepumzika, kutoa pumzi hakukugharimu nguvu yoyote. Mapafu yaliyo mazima yananyumbuka, basi. Habari ya kunyumbuka nitairudia, maana ndicho wanachopoteza wachimbaji.

Trakea ikifika katikati ya kifua inagawanyika. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili kwa sababu limeachia moyo nafasi. Njia ya kulia ni pana na imesimama wima zaidi; ndiyo maana mtoto akivuta punje ya mahindi au kifungo cha shati, sisi manesi tulianza kusikiliza upande wa kulia. Kutoka hapo matawi yanagawanyika na kugawanyika tena, kama mara 23, kila tawi jembamba kuliko lililolizaa, mpaka yanaishia kwenye vifuko vidogo sana vinavyoitwa viribahewa. Mtu mmoja anavyo milioni 300 na zaidi. Ukivikunjua vyote ukavitandaza chini, vinafunika kama mita za mraba 70. Nyumba nzima ya vyumba vitatu, imekunjwa ikaingia kifuani mwako.

Ukuta wa kiribahewa ni mwembamba ajabu. Gawanya milimita moja mara elfu moja: kipande kimoja ni maikroni. Unywele wa kichwani una unene wa kama maikroni 70. Ukuta unaotenga hewa na damu ndani ya kiribahewa haufiki hata maikroni moja. Damu inapita nyuma ya ukuta huo kwenye vishipa ambavyo chembe nyekundu zinapenya moja moja, nazo zikipita zinabeba oksijeni na kuacha hewa ya ukaa. Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21. Unayotoa ina kama 16. Hewa ya ukaa inaingia karibu na sifuri, inatoka kama asilimia 4. Tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kuinua nyundo.

Na msinijibu kwamba haya ni maneno ya vitabu vya wazungu, kama alivyonijibu kijana mmoja. Habari ya damu kutoka upande wa kulia wa moyo, ikapitia mapafuni kukutana na hewa, ndipo ikarudi upande wa kushoto, iliandikwa Kairo katika karne ya 13 na tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damasko. Ulaya ilikaa miaka kama 300 ndipo ikachapisha habari hiyo. Mapafu ya Mmasai, ya Mchaga na ya Mrangi ni hayohayo.

Sasa ulinzi. Vumbi kubwa, la zaidi ya maikroni 10, sehemu yake kubwa inaishia puani na kooni. Lililo dogo zaidi linashuka kwenye matawi, na huko linakuta kuta zimepakwa ute, na chini ya ute kuna vijinywele visivyoonekana kwa macho vinavyopiga mara kumi na zaidi kila sekunde, vyote kwa mwelekeo mmoja: juu. Vinausukuma ule ute, pamoja na vumbi lililonata, milimita kadhaa kwa dakika, usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Ukifika kooni unaumeza bila kujua au unautema. Pakizidi, kikohozi kinasaidia. Mvuta sigara anavilaza vijinywele hivyo. Akilala usingizi wa usiku bila sigara vinaamka kidogo na kuanza kazi, ndiyo sababu kikohozi chake kinamshika asubuhi. Mchimbaji anayevuta sigara, au bangi ya kujipa ujasiri wa kushuka, amewafukuza wafagizi siku ileile aliyoleta takataka.

Mirerani mnatoka shimoni weusi. Tanzanaiti inakaa kwenye mwamba wenye kinywe, madini yaleyale yanayotiwa kwenye kalamu za risasi, na kinywe hakichagui: nguo, kope, kucha, vyote vinakuwa rangi moja. Kijana akitema mate akaona meusi anashtuka, anakuja zahanati mbio. Nami nilikuwa namwambia, mwanangu, hayo yametoka. Makohozi meusi ni dalili kwamba vijinywele vyako vinafanya kazi. Wiki mbili akipumzika makohozi yanakuwa meupe, anafurahi, anadhani kifua kimesafishika, anarudi chini.

Mimi ambacho nimekiogopa miaka yote ni kile kisichotoka. Katika mwamba uleule kuna lile jiwe jeupe gumu linalong'aa, na katika jiwe hilo kuna silika. Ukilichoronga likiwa kavu, au ukililipua, linasagika mpaka kuwa vumbi la chini ya maikroni 5. Macho hayalioni. Utaliona labda mwanga wa tochi ukipita ubavuni, na hapo unachokiona ni lile kubwa lake. Dogo kabisa halitui. Hukaa hewani saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, wakati wewe unaona shimo limetulia na unafungua kopo la chakula. Hilo linapita puani, linapita kwenye ute, linafika mpaka kwenye viribahewa. Na huko vijinywele hakuna. Mwenye nyumba aliweka wafagizi barazani na kwenye korido; chumba cha ndani hakuweka mtu wa ufagio.

Huko ndani kuna ulinzi wa namna nyingine: seli kubwa za kinga zinazotembea na kumeza kila kigeni. Zikimeza kijidudu, zinakiyeyusha. Zikimeza masizi, zinayafungia ndani yao na maisha yanaendelea. Zikimeza silika, silika inaziua. Seli inapasuka, inamwaga sumu zake na ile punje, seli nyingine inakuja kuimeza punje ileile, nayo inakufa. Hakuna mwisho wa mchezo huo, kwa sababu jiwe haliyeyuki. Kila seli zinapokufa mwili unaona kidonda, unakiziba kwa kovu. Kovu dogo hapa, dogo pale, baadaye yanaungana.

Mmeona ngozi ya ng'ombe siku aliyochinjwa, inavyokunjika na kukunjuka? Kisha mkaiona imewambwa juani juma zima? Pafu lenye makovu limefika huko. Kiwambo kinavuta, pafu halifuati. Na ule ukuta mwembamba usiofika maikroni moja umekuwa mnene, oksijeni inabisha hodi kwa damu na haifunguliwi. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na dawa ya kuyaondoa makovu hayo haipo. Tena jambo ambalo vijana hawaliamini: hata ukiacha kuchimba, makovu yanaweza kuendelea kukua, kwa kuwa punje zimebaki mlemle.

Mnataka kujua anavyoonekana? Nilimpokea mmoja, mwanamume mwenye mabega mapana, sura ya mtu wa kubeba gunia mbili. Alikuja amekaa nyuma ya pikipiki, na kutoka getini hadi kwenye benchi letu, hatua chache tu, alisimama kupumzika njiani. Alipokaa aliinama mbele, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda, akivuta hewa kwa shingo. Alisema maneno matatu, akanyamaza kuvuta pumzi, akasema matatu mengine. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Picha yake ya X-ray niliiinua dirishani: madoa madogo meupe yametapakaa sehemu za juu za mapafu yote mawili, na pembeni mengine yameshaungana kuwa mabonge. Alikuwa na cheti cha dawa za kifua kikuu, amemaliza dozi mara ya pili. Mkewe alinieleza kwamba sasa anayechota maji, anayepasua kuni na anayembeba mtoto mgongoni ni yeye, na mume anasaidiwa hata kuvaa shati.

Juzi mmoja wenu, simtaji, alinishika mkono akasema: "Bibi, mimi napiga miaka miwili tu, nikipata mtaji natoka." Kwanza, wote niliowahi kuwahudumia waliingia kwa miaka miwili. Lakini tuseme utatoka kweli. Silikosisi ya kawaida inajitokeza baada ya miaka 10 na zaidi ya vumbi la kiasi. Vumbi likiwa kali inakuja baada ya miaka 5 hadi 10. Na likiwa kali kupita kiasi, kwenye shimo jembamba lisilo na upepo, mwamba mkavu, mashine inanguruma usoni pako, ugonjwa unaweza kuja ndani ya miezi. Marekani, jimbo la West Virginia, mwaka 1930 na 1931 walichimba handaki la kupitisha maji ya mto pale Hawks Nest. Mwamba ulikuwa karibu silika tupu. Walichoronga kavu ili kazi iende haraka, wafanyakazi, wengi wao Wamarekani Weusi waliokuja kutafuta riziki, hawakupewa barakoa. Mamia walikufa, wengi wakiwa wamefanya kazi chini ya mwaka mmoja. Miaka miwili ingewatosha mara mbili.

Karibu zaidi na kwetu ni Afrika Kusini. Kabla ya uhuru wetu, vijana wa Rungwe na jirani zake walichukuliwa na mawakala wa Wenela, shirika la kuandikisha vibarua wa migodini, kwenda machimbo ya dhahabu, pamoja na wenzao wa Malawi, Msumbiji na Lesotho. Waliorudi na baiskeli na makoti tuliwasikia. Waliorudi na vifua vilivyokwisha walifia vijijini, na kaburi halisemi sababu. Ilibidi kesi iende miaka na miaka, mpaka 2019 ndipo mahakama ya Johannesburg ilipoidhinisha makubaliano ya kampuni kubwa za dhahabu kuwalipa fidia wachimbaji wenye silikosisi na kifua kikuu, pamoja na warithi wa waliokwisha kufa. Na hao walikuwa na nambari za kazi na majina yao yako kwenye vitabu vya kampuni. Wewe mwanaapolo unayechimba kwa chakula na ahadi ya mgao, jina lako limeandikwa wapi? Tanzania ina mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, lakini mfuko huo ni wa mwenye mwajiri, na mwajiri ndiye anayeuchangia. Kiroba cha mawe si mkataba.

Mnakumbuka mafuriko ya mwaka 1998, na ya 2008, maji yalipoingia mashimoni. Yalitangazwa redioni, viongozi walifika, na kila mwaka mvua zikikaribia mtu anakumbusha. Vumbi halina siku ya kutangazwa. Linaua mtu mmoja mmoja, nyumbani kwao, Kondoa au Babati au Hai, miaka kadhaa baada ya kuondoka mgodini, na anayeandika cheti hajui marehemu aliwahi kushika mashine.

Kuna kifo kingine cha hewa, hicho hakingoji hata dakika kumi, nacho lazima nikiseme. Mwaka 2002, hapohapo Mirerani, makumi ya wachimbaji walikufa shimoni kwa kukosa hewa baada ya mtambo wa kuwapelekea hewa kushindwa. Wengi mnaamini kwamba hewa ikipungua utasikia kukabwa, utapanda kamba. Sikilizeni vizuri. Kinachokufanya uhisi kukabwa ukibana pumzi ni hewa ya ukaa kurundikana katika damu. Ubongo unapima hiyo zaidi kuliko oksijeni. Ukiwa mahali ambapo oksijeni imepungua lakini hewa ya ukaa inatoka mwilini kama kawaida, husikii kukabwa. Unasikia wepesi wa kichwa, pengine unacheka, miguu inakosa nguvu, unaanguka. Mwenzako anayekuona umelala anashuka kukuokoa bila kujifunga kamba, naye analala juu yako. Nimewahi kuona turubai moja limefunika ndugu wawili kwa sababu hiyo.

Moshi wa baruti na wa injini una hewa nyingine mbaya zaidi, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inang'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo kidogo tu kinatosha kujaza viti vyote, oksijeni ikija haina pa kukaa. Ni ileile inayoua familia waliolala na jiko la mkaa chumbani. Basi tazameni kompresa yenu inavuta hewa kutoka upande gani. Nimeona kompresa imewekwa kando ya jenereta, mdomo wa kuvutia hewa unaelekea kwenye bomba la moshi la dizeli, na watu wako chini wanashukuru kwamba leo upepo unakuja vizuri.

Cha kufanya si kigumu, ila kinahitaji mbishane na mtu. Maji. Mwamba ukichorongwa huku maji yanatiririka kwenye ncha, vumbi linageuka tope na haliruki. Ujuzi huu una umri wa zaidi ya miaka mia, wala hauhitaji mtaalamu kutoka nje. Najua jibu la matajiri: Mirerani maji ni ghali, boza linauzwa bei mbaya. Ni kweli ni ghali. Lakini tajiri huyohuyo ananunua baruti, ananunua dizeli, na jiwe likitoka ananunua gari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri wajibu wa kuwakinga watu wake na kuwapima afya. Mkienda kumwambia, nendeni wote kwa pamoja. Akienda mmoja kesho hana nafasi.

Baada ya kulipua, msikimbilie jiwe. Najua moyo unavyodunda, nani atakuwa wa kwanza kuona rangi ya bluu. Hewa isukumwe kwanza mpaka moshi uishe kabisa, kisha mngoje tena, na kifusi kinyunyiziwe maji kabla hakijapigwa sepeto.

Barakoa: kitambaa, kanga ya mama, fulana iliyofungwa puani, ile barakoa ya bluu ya hospitali, zote zinazuia vumbi unaloliona. Unalopaswa kuliogopa linapita. Tafuteni iliyoandikwa N95 au FFP2, ikae imebana uso pande zote, ndevu zinyolewe pale inapogusa, na ikichafuka itupwe. Hata hivyo inakuja baada ya maji, haichukui nafasi yake.

Nanyi mabinti mnaochekecha mabaki kwenye majalala ya mawe, msidhani haya ni ya walioko chini. Chekeche linapotikiswa kwenye upepo, vumbi dogo linapanda puani kwenu na kwa mtoto mliyemweka kivulini. Kaeni upande upepo unakotoka, kifusi kikilowanishwa kwanza ni bora zaidi. Na nguo za kazi zisipigwepigwe ndani ya nyumba wala zisifuliwe pamoja na za watoto. Zivuliwe nje, ziloweshwe kwanza.

Sasa nimalizie na kile cheti cha yule mwanamume, dozi mara ya pili. Silika inapoziua zile seli za kinga ndani ya viribahewa, inaziua zilezile ambazo kazi yao ni kuvidhibiti vijidudu vya kifua kikuu. Ndiyo sababu mwenye silika kifuani anapata kifua kikuu kwa urahisi mara kadhaa kuliko jirani yake, na magonjwa hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Kifua kikuu kinapona kwa dawa za miezi sita, zinatolewa bure, zimezeni mpaka mwisho. Lakini dalili zinafanana mno: kikohozi, kukonda, kubanwa pumzi, madoa kwenye picha. Mganga asiyejua kazi yako ataona madoa, atakuandikia dawa za kifua kikuu. Makohozi yakipimwa hayaonyeshi kitu, atakuandikia tena. Unazunguka miezi na miaka, na katikati ya mzunguko huo unarudi shimoni, kwa sababu hakuna aliyekwambia kwamba tatizo ni shimo.

Kikohozi kikipita wiki mbili, nendeni. Kituo chochote cha afya kinaweza kuanza, na kikishindwa kiwape rufaa. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha imekuwa ikitibu vifua tangu mwaka 1926, na wachimbaji wa Mirerani si wageni huko. Mkiulizwa kazi, msijibu "biashara ndogondogo" kama mnavyopenda kujibu, wala msiseme "mkulima" kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Semeni nachimba, au nimewahi kuchimba, mahali fulani, kwa miaka fulani, tulichoronga kavu. Hata kama uliacha zamani. Hata kama anayeandika hajauliza, na foleni nyuma yako ni ndefu, na amekwisha kukupa kalamu usaini.